Magunia Tisa ya Lubakwa

Kuku saba walikuwa wamekufa mlangoni.

Zuhurah aliwaruka, bastola mkononi, akaupiga mlango teke. Ulikuwa mlango wa bati wa stoo ya kukodi pale Onduparaka, pembeni mwa mji wa Arua, kaskazini mwa Uganda, na ulipiga kelele ya kutosha kuamsha mtaa. Aliyekuwa ndani hakungoja kujua ni mgeni gani anayebisha hodi kwa buti. Aliruka dirisha la nyuma.

Zuhurah aliona mgongo tu.

Jezi ya kijani.

Alimfukuza nyuma ya saluni, akaruka mtaro, akapenya katikati ya shuka zilizoanikwa. Mtu yule alikuwa na mbio. Akajitosa kwenye kundi la mashabiki waliokuwa wakipuliza vuvuzela barabarani tangu asubuhi, ingawa mechi ilikuwa jioni. Siku ya mechi Onduparaka nzima huvaa kijani. Kufumba na kufumbua akawa mgongo mmoja katika migongo mia mbili, na yeyote aliyemshauri avae vile alikuwa na akili zake timamu.

Ng'ambo ya kundi, Toyota Probox nyeupe ilifungua mlango. Kabla ya kuingia, mtu yule aligeuka. Uso mrefu. Miwani ya fremu nyembamba. Uso wa jasusi aliyekuwa akimsaka kwa miezi.

Landry.

Probox ikashika njia ya Koboko, mpakani.

Saa tano na dakika kumi. Zuhurah alirudisha bastola kiunoni, akageuka, akatembea kurudi stoo kama mtu aliyesahau mwavuli. Hakutukana wala hakupiga teke jiwe. Alikuwa na miaka thelathini na minane, Mnubi wa Koboko, na kwenye kitambulisho aliandikwa kuwa ni mwuza vipuri vya pikipiki. Miaka kumi na minne ndani ya Idara ya ujasusi ilikuwa imemfundisha kutulia. Lakini utulivu wa siku hizi haukuwa wa mafunzo. Tangu azike mama yake, siku arobaini zilizopita, moyo wake ulikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya. Upo, lakini ukiufinya hausikii.

Amri ilikuwa imeingia alfajiri kwa ujumbe wa simu: *Harusi ya Onduparaka. Nenda mapema, bibi harusi asitoroke.* Hakuna aliyekuwa anaolewa.

Ndani ya stoo palikuwa na mashine ndogo ya kusaga, chapa ya Kichina, bado ina unga mdomoni. Makarai sita yalijaa maji ya rangi ya waridi. Ukutani yalirundikwa magunia tisa matupu ya mahindi ya mbegu, na kila moja limeandikwa kwa herufi nyekundu: IMETIWA DAWA. USILE. Katikati ya sakafu, unga mweupe safi ulikuwa umemwagwa chungu nzima, unafika kiunoni. Kando yake sindano ya gunia na kibunda cha uzi wa buluu.

Zuhurah alitoa mfukoni kitochi cha miale ya zambarau, kile ambacho wenye maduka wa Arua humulikia noti kujua kama ni bandia. Akafunga dirisha, akamulika mdomo wa mashine.

Vumbi la unga likawaka rangi ya chungwa, kama iwakavyo rangi ya dawa ya mbegu.

Basi akaelewa. Walichukua magunia tisa ya unga wa msaada, wakayamwaga. Wakaosha mbegu zenye sumu mpaka rangi isionekane tena kwa macho, wakasaga, wakajaza magunia yaleyale, wakashona. Kuku walikula yaliyodondoka. Unga mzuri ulilala pale sakafuni, na sasa nao haukufaa kitu. Vumbi la sumu lilikuwa limeulalia kote.

Akapiga simu.

"Mjomba."

"Sema." Mjomba hakuwa na undugu na mtu yeyote. Ndiye aliyeshika kiti cha Idara kwa West Nile yote.

"Landry ametoroka. Anakwenda Koboko. Magunia tisa yamebadilishwa. Yana dawa ya mbegu."

"Lori lipi?"

Aliangalia sakafu. Katika majivu ya karatasi zilizochomwa, kipande kimoja kilibaki: risiti ya kupakia, namba ya Fuso, lori la dereva Kasereka.

"La tatu."

Wote wawili walijua lori la tatu linakwenda kwa nani.

Ng'ambo ya mpaka wa Koboko, upande wa Kongo, kuna mji uitwao Lubakwa. Mwaka ulikuwa unakaribia kuisha tangu uvamiwe na jeshi ambalo halikuwa la nchi ile na halikutaka kusema ni la nchi gani. Watu wa Lubakwa waliwaita Wageni, maana waliingia bila kukaribishwa na hawakuonyesha dalili ya kuondoka. Wageni walifunga barabara, wakakata mtandao wa simu, wakachukua mavuno ghalani. Njaa ikaingia. Wanawake wakaanza kutoka kila jioni na sufuria tupu, wanazigonga kwa miiko mbele ya kambi. Wakapigwa risasi. Kesho yake wakatoka tena, wengi zaidi.

Mwishowe Wageni walikubali dirisha moja: Jumamosi hii, saa nane mchana mpaka saa kumi. Malori matatu ya unga kutoka Arua, moja kwa kila kartie, kama wanavyoita mitaa yao, kwa sababu watu wa kartie moja hawakuruhusiwa kuvuka kwenda nyingine. Kila lori magunia mia mbili. Likipungua gunia moja, lori linarudi. Likitoboka gunia moja, lori linarudi. Masharti ya mtu anayetafuta sababu.

Na sababu kubwa kuliko zote mtu wao, Landry, alikuwa ameishona kwa uzi wa buluu. Watu wakila wafe, nani tena angepokea chakula kutoka ng'ambo? Nani angeisikiliza kamati ya wenyeji iliyokiomba? Sufuria zingenyamaza zenyewe.

Kartie Tatu ndiyo ilikuwa na sufuria nyingi. Shakira, mdogo wake Zuhurah wa tumbo moja, alikuwa ameolewa huko. Watoto watatu.

"Simamisha yote matatu," Mjomba alisema.

"Yakisimama leo hawatafungua tena."

"Najua."

"Watakufa kwa njaa badala ya sumu. Unanipa nini hapo?"

"Nakupa mpaka saa nane. Nitolee magunia tisa, niambie lori ni safi. La sivyo nampigia mkuu wa mpaka."

Simu ikakatika.

Hapohapo ikaita tena. Khalti Medina, dada mkubwa wa marehemu mama yake, akipiga kutoka Koboko. Ilikuwa mara ya nne asubuhi ile.

"Zuhurah! Watu ya Arua imefika, watu ya Bombo imefika, weye mwenye mama iko wapi? Leo arubaini, unajua?"

"Najua, Khalti."

"Karama ya mama yako, chakula ya kumwombea, na weye iko unauza spea!"

"Nakuja."

"Unakuja lini? Tukishakula?" Khalti akashusha pumzi. Sauti ikapoa. "Na ile Shakira maskini hata hapana jua kama mama alikufa."

"Hajui, Khalti. Hakuna simu."

"Allah atusaidie. Kuja, binti."

*

Magunia mia mbili. Kuyatoboa yote kulikuwa nje ya mjadala. Kwa macho yalikuwa yaleyale, chapa ileile, uzi uleule. Landry hakuwa mjinga.

Lakini gunia hushonwa na mtu. Na mshonaji wa magunia wa Arua, ambaye ameinama juu ya midomo ya magunia tangu usichana wake, anaujua mkono wake kama wengine wanavyojua mwandiko wao.

Zuhurah aliiacha pikipiki yake, Honda XL, ikinguruma nje ya kinu cha Arua kilichosaga unga ule, akaingia.

"Nani alishona unga wa Lubakwa?"

Vidole vyote vilielekea kona moja. Pale alikaa mama mnene, miguu ameinyoosha, sindano mdomoni. Night Poni. Alikuwa anakaza fundo kwa mkono wa kushoto.

"Yote, mama, ulishona wewe?"

"Mia sita. Peke yangu." Alitoa sindano mdomoni. "Iko mutu analalamika?"

"Ukiyashika, utajua lako na lisilo lako?"

Night Poni alimtazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu aliyeuliza iwapo mama anawajua watoto wake. "Mimi iko najua."

"Twende."

"Wapi?"

"Koboko."

"Na nini?"

Zuhurah alionyesha Honda. Night Poni akaitazama Honda, akajitazama mwenyewe.

"Hapana. Hiyo mimi hapana panda."

"Kuna watu watakufa, mama."

Mama akafikiri. Kisha akachomeka sindano kwenye kitambaa cha kichwa, akachukua kibunda cha uzi, akafunga kitenge vizuri. Zuhurah akachukua bambo la karani wa mizani, kile chuma chenye ncha, kilicho wazi katikati, ambacho wanunuzi huchomea gunia kuonja nafaka. Likaingia ndani ya koti lake bila shida.

Kilomita hamsini na tano. Night Poni aliomba dua kwa sauti kutoka Arua mpaka Koboko, na kila kona alianza upya, kwa kuwa hakuwa na uhakika ile ya kwanza ilifika. Zuhurah aliendesha kwa kasi ya mia na ishirini. Malori ya Juba yalipita, mashamba ya tumbaku yalipita. Alijaribu kumfikiria Shakira akisonga ugali wa unga ule. Aliiona picha yote, mpaka mwiko. Hakuhisi kitu. Akaongeza mwendo.

*

Saa sita na nusu. Paki ya malori, Koboko.

Malori mawili ya kwanza yalikuwa yamekwishasogea kwenye foleni ya mpaka. La tatu lilibaki chini ya mwarobaini. Kasereka, mwenye lori na vilevile dereva, Mkongomani wa miaka hamsini aliyetembea na biblia ndogo mfukoni, alikuwa anakagua kamba.

Zuhurah akamweleza kwa maneno manne. Kasereka akashika kichwa.

"Mama, mi niko chauffeur tu! Jana jioni, kule Arua, ile mutu alikuya na karatasi. Akasema iko mkaguzi. Alishusha magunia, akabeba kupima, usiku akarudisha. Mi nilihesabu. Mia mbili! Hesabu ilikuwa sawa!"

"Hesabu ilikuwa sawa. Shusha."

"Yote?"

"Yote."

Wapagazi wanne wakapanda. Gunia la kwanza likatua mbele ya Night Poni. Hakulitazama hata. Alipitisha vidole juu ya mshono.

"Yangu."

La pili.

"Yangu."

La tatu, la nne, la kumi. Yangu. Yangu. Yangu. Zuhurah alisimama, jicho kwenye lango, jicho kwenye saa. Alihisi jasho mgongoni. Hilo angalau alilihisi.

Gunia la thelathini na moja. Vidole vikasimama.

"Hii hapana yangu."

"Una hakika?"

"Mimi nashona na kushoto. Uzi yangu inalala huku." Alilaza kiganja. "Hii inalala kule. Mutu ya kulia ndiyo alishona. Na hapana kaza. Kazi ya uvivu."

Zuhurah akajifunika kichwa kwa koti, akachoma bambo, akavuta unga kiganjani, akawasha kitochi gizani humo.

Chungwa.

"Weka kando."

Saa saba kamili walikuwa na manne. Saa saba na robo, magunia saba. Saa saba na dakika ishirini na tano, gunia la nane lilipata kiganja cha mama na kukataliwa.

"Kazi nzuri, mesdames," sauti ilisema. "Lakini mnachelewesha watu wenye njaa."

Landry. Jezi imevuliwa. Shati jeupe, kitambulisho cha bandia shingoni, faili mkononi. Alikuwa amekuja kwa nyuma ya lori na sasa alisimama begani kwa Night Poni, karibu mno. Chini ya faili mdomo wa bastola ya Makarov ulikuwa umegusa mbavu za mama.

Wapagazi wakaganda.

"Rudisha magunia juu," Landry alisema taratibu. "Yote. Bastola yako iache huko kiunoni ilipo. Mikono niione."

Mikono ya Zuhurah ilionekana. Wa kulia ulikuwa umeshika bambo, ncha chini, ukiwa na unga mpaka kwenye kifundo.

"Na hicho chuma. Tupa."

"Hiki?"

Bambo hutengenezwa kutoboa gunia la nailoni lililoshindiliwa. Mkono wa mtu ni laini zaidi.

Lilipita kwenye kifundo cha mkono wa Landry na kutokea upande wa pili.

Makarov ikalia mara moja, risasi ikaingia ardhini, bastola ikafuata. Landry hakupata nafasi ya kuinama. Night Poni alimshika shati, akamlaza kifudifudi, akamkalia. Ulikuwa mwisho wa vita. Hakuna chuo cha makomando kinachofundisha namna ya kujinasua chini ya mama yule.

"Endelea, mama," Zuhurah alisema, akimfunga Landry kwa uzi wa buluu.

"Leta hapahapa," Night Poni alijibu bila kuinuka. "Mimi nitashika nikiwa nimekaa."

La tisa lilikuwa la mia na themanini na nane. Chungwa.

Saa nane kasoro dakika ishirini.

"Mjomba. Tisa yametoka. Landry ninaye. Lori ni safi."

"Lina magunia mangapi?"

"Nitakupigia," Zuhurah alisema, akakata simu. Chini, uso kwenye vumbi, Landry alianza kucheka.

"Mia moja tisini na moja," alisema. "Karatasi inasema mia mbili. Watahesabu, madame. Wanahesabu mara mbili. Mi nimeshinda hata hivi."

Alisema kweli. Magunia tisa ya unga, kila moja kilo ishirini na tano, kwa dakika ishirini. Kinu kilikuwa Arua. Maduka ya Koboko yalikuwa yameishiwa unga tangu wiki iliyopita. Wakimbizi walikuwa wameununua wote. Kasereka alikuwa na magunia matupu ya akiba ya kubadilishia yanayopasuka. Matupu.

Simu ikaita.

"Zuhurah." Khalti Medina hakufoka safari hii. Alikuwa amechoka. "Maji imechemka. Tunataka kutia unga. Nikungoje ama nisikungoje?"

Zuhurah alitazama lile lori. Alisikia mwenyewe sauti yake ikiuliza, kavu kama ya karani:

"Khalti. Karama ina magunia mangapi ya unga?"

"Saba. Kwa nini?"

"Msitie."

"Nini?"

"Msitie kwenye maji. Yaleteni paki ya malori. Yote saba. Sasa hivi."

Nyuma ya Khalti ilisikika sauti ya wanaume wakisoma Yasini.

"Iko watu mia tatu uwanjani," Khalti alisema polepole. "Karama ya mama yako. Dada yangu. Wamekuya kumwombea, na weye unataka nisimame niseme nini? Nendeni nyumbani na njaa? Unajua watasema nini juu ya mama yako?"

"Najua."

"Hata machozi hukutoa kaburini. Nilinyamaza. Sasa hata chakula yake unanyang'anya?"

Neno lile lilipaswa kuuma. Zuhurah alilingoja limuume. Lilipita.

"Ni ya Shakira, Khalti. Lori la Kartie Tatu limepungukiwa. Lisipotimiza mia mbili kabla ya saa nane, Shakira hali, wala watoto."

Hakueleza zaidi. Khalti Medina hakuwahi kuambiwa mpwa wake anafanya kazi gani, na kwa miaka kumi na minne alikuwa amejifanya anaamini habari za vipuri.

"Ngapi imepunguka?" Khalti aliuliza.

"Tisa."

"Mimi iko na saba."

"Najua."

"Subiri," Khalti alisema, na simu ikabaki wazi. Zuhurah akasikia sauti ile iliyowahi kuamrisha harusi na misiba ya nusu ya Koboko: "Nyie wanawake! Acheni hiyo sufuria! Kila mutu nyumbani kwake, alete unga yenye iko ndani. Beseni, sahani, kikombe, chochote! Mbio!"

*

Walikuja na toroli mbili na pikipiki sita. Wanaume waliozileta wakaungana na wapagazi kurudisha magunia safi kwenye lori.

Kwanza yale magunia saba, bado na vumbi la jikoni. Kisha wanawake wenye magauni ya gomesi na mitandio, wakikimbia kwa ule mwendo wa watu ambao kwa kawaida hawakimbii, mabeseni vichwani. Unga wa mahindi. Unga wa muhogo. Aliyekuwa na nusu bakuli alileta nusu bakuli. Kasereka alishika midomo ya magunia ya akiba, wanawake wakamimina, mpagazi mmoja akashindilia, na Night Poni, aliyempa mpagazi mwingine zamu ya kumkalia Landry, akashona kwa kushoto mbio mno mpaka sindano haikuonekana.

Saba. Nane.

La tisa liligomea robo tatu.

Walisimama wakitazamana. Hakuna aliyekuwa na kitu kingine. Khalti Medina, miaka sabini na miwili, alilisukuma kwa mguu kama anayepima godoro.

"Na hii ilikuja na toroli?" aliuliza mtu nyuma. "Sukari ya chai ya wasomaji?"

"Lete," Khalti alisema.

Wakatia sukari ya chai ya wasomaji, mfuko ndani ya mfuko, katikati ya unga, na lile gunia likanenepa likafanana na wenzake. Night Poni akalifunga mdomo.

Saa nane kasoro dakika tatu.

"Mjomba. Mia mbili."

"Ulitoa wapi?"

"Mia mbili, Mjomba."

"Pitisha."

Kasereka akapanda, akabusu biblia yake, akawasha Fuso. Ikakohoa moshi mweusi usoni mwa wote na kuondoka kuelekea mpakani. Hilux ya Idara ikaja kumchukua Landry na magunia yake tisa. Alipopakiwa hakucheka tena. Alikuwa anauliza kama kuna daktari.

Khalti Medina alijifuta unga mikononi kwa mtandio. Hakumkumbatia Zuhurah. Alimtazama tu, kutoka buti mpaka nywele, akatikisa kichwa.

"Kuja nyumbani," alisema. "Tutakunywa chai."

"Haina sukari."

"Tutakunywa hivyohivyo."

*

Walikunywa hivyohivyo. Watu mia tatu walikaa mikekani na vikombe vya chai ya rangi isiyo na sukari, wakamwombea marehemu. Wachache walinong'ona. Sheikh alisema sadaka ya mama yule ilikuwa imefika mbali kuliko uwanja wa nyumba yake, na zaidi ya hapo hakufafanua, kwa kuwa Khalti Medina alikuwa anamtazama. Night Poni alipewa kiti. Aliapa kwamba kurudi Arua atatembea kwa miguu.

Zuhurah hakuingia. Alisimama nje ya uzio, kando ya Honda, simu ya setilaiti ya Thuraya mkononi, pacha wa ile iliyofichwa Lubakwa.

Saa tisa na dakika ishirini ikaita.

"Kavira hapa." Katibu wa kamati ya Kartie Tatu, mwalimu, sauti iliyokwaruzwa na miezi ya kupiga kelele. "Lori imefika."

"Walihesabu?"

"Mara mbili. Mia mbili. Mkubwa wao alikasirika sana." Nyuma yake zilisikika sufuria, lakini si za kugongwa. Za kupangwa foleni. "Iko mutu hapa anataka kusema na weye. Nampa dakika moja. Batri iko inakufa."

Mkwaruzo. Kisha pumzi.

"Zuhu?"

Siku sitini na moja tangu aisikie sauti ile.

"Shakira."

"Zuhu, tumepata. Mimi na watoto, tumepata. Iko unga ya muhogo ndani, kama ya nyumbani! Watu wanasema imetoka Arua, mimi nikasema hapana, hii mkono ya Koboko." Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. "Mpe Mama simu. Haraka, niseme naye."

Ndani ya uzio wasomaji walikuwa wamefika mwisho wa dua. Mia tatu wakaitikia amin kwa pamoja. Thuraya ni simu nzuri. Husikia kila kitu.

"Hiyo nini?" Shakira aliuliza. "Iko karama?"

"Ndiyo."

"Ya nani?"

Zuhurah alikuwa amewadanganya mabalozi. Aliwahi kumdanganya jenerali machoni mpaka akampa funguo za gari. Alifungua mdomo aseme ya jirani, na jirani hakutoka. Machozi ya moto yalimjaa machoni, na aliyatambua taratibu, kwa mshangao, kama mtu anayesikia mguu wake ukianza kurudi na sindano zake zote.

"Shakira. Maji yako jikoni?"

"Iko jikoni. Ya nani, Zuhu?"

"Tia unga. Walishe watoto. Wewe pia kula, ushibe. Habari za Mama nitakuambia kesho."

Kesho dirisha lingekuwa limefungwa na simu zote zimekufa, na wote wawili walijua hivyo.

Sufuria zikagongana mahali fulani Lubakwa.

"Sawa," Shakira alisema, kwa sauti ndogo ya zamani, ya walipokuwa wanalala kitanda kimoja. "Nitakula kwanza."

Laini ikafa.

Zuhurah alitoa batri, akaitia mfuko mmoja, simu mfuko mwingine, kama kanuni inavyotaka. Simu yake ya kawaida ilikuwa inatetema. Mjomba. Aliiacha itetemeke mpaka ikachoka. Kisha akavua koti lenye unga, akalitundika kwenye usukani wa Honda, akajifunga mtandio kichwani, akasukuma lango, akaenda kukaa na wanawake.